Nanga isiyo na fundo imeshika

Alhamisi, jioni. Mvua ilipiga tangu alfajiri mpaka mifereji ya Nengo ikafurika, kisha ikakatika ghafla kama mtu aliyekumbuka ana shughuli kwingine. Sasa anga limeoshwa, volkano ya Nyiragongo imejifunua hadi kileleni, na mimi siwezi kukaa kitini. Nakaa, naandika mstari mmoja, nainuka, naenda dirishani, narudi tena.

Mikono yangu inanuka mafuta ya ng'ombe ingawa nimeinawa kwa sabuni ya kufulia.

Imeshika.

Nimeliandika neno hilo peke yake kwa sababu nimelisubiri muda mrefu. Sasa nieleze kwa utaratibu, nisije nikasoma ukurasa huu mwakani nikashangaa nilikuwa nimelewa nini.

Kwa asiyenijua: mimi ni mhandisi. Nilizaliwa Mwanza, wazazi wangu wakarudi Rwanda nikiwa msichana wa sekondari, na sasa naishi hapa Gisenyi, ambako nyuma ya nyumba tuna karakana ya vyumba viwili. Kwa miaka hii ya karibuni kazi yangu ni kitu kimoja tu, kidogo kiasi kwamba kikianguka sakafuni tunapiga magoti kukitafuta. Kinaitwa nanga. Si ya boti. Ni nanga ya mfupa.

Misuli ya bega imeshikamana na mfupa kwa kano, ule utepe mweupe mgumu ambao kila mpishi anaujua, maana ndio unaokishinda kisu kwenye nyama. Kano ikibanduka, mkono haupandi tena. Huwezi kuanika nguo, huwezi kujisuka, huwezi kuinua beseni. Daktari akiamua kuirudisha, anatoboa tundu kwenye mfupa, anazamisha nanga humo, na nanga ina uzi. Uzi unapitishwa kwenye kano, kano inavutwa mpaka ilale juu ya mfupa, kisha uzi unafungwa fundo. Baada ya hapo ni subira: miezi ya mkono kufungwa kifuani mpaka nyama na mfupa vishikane vyenyewe.

Fundo ndilo adui yangu.

Linafungwa mahali pembamba, penye kina, penye damu, kwa ncha ya kidole. Mkono wa daktari mmoja unalikaza, wa mwingine unaliacha legelege bila kujua. Na kwa kuwa fundo moja halitoshi, yanafungwa mengine juu yake mpaka yanakuwa kinundu. Kwa mtu mnene hakuna shida. Kwa mtu mwembamba, kile kinundu kinasugua kila anapoinua mkono.

Mtu mwembamba ninayemfikiria ni Shangazi Feza.

Shangazi ni dada yake baba. Familia ilipokwenda Tanzania, yeye alikuwa ameshaolewa Goma, akabaki huko. Siku hizi anakaa Mbugangari, upande wetu wa mpaka, lakini Kiswahili chake ni kile kile cha Goma, na changu anakiita Kiswahili cha redio. Amevuka mpaka kila asubuhi kwa miaka mingi akiwa na beseni la sambaza, wale dagaa wa ziwani, kichwani. Siku moja aliteleza kwenye matope, beseni likaondoka, naye badala ya kuliacha lianguke akalidaka kwa mkono wa kulia. Samaki walipona. Bega likabanduka.

Alishonwa na Daktari Solange, mwanamke mrefu mwenye sauti ya chini ambaye anaongea kama anayehesabu maneno. Kazi yake ilikuwa nzuri. Mkono ulipanda. Lakini baadaye shangazi akarudi kliniki, mimi nikimsindikiza, akamwambia bila kuzunguka:

"Docta, uliniachia kaharagwe mu bega. Nikiinua mukono, kanasugua. Nikilalia upande ule, kananiamusha."

Kaharagwe kale kalikuwa fundo. Ilibidi Solange amfungue tena ili alipunguze. Na kwa kuwa siku zile zote za kliniki mimi ndiye niliyekuwa nikiuliza maswali kumzidi mgonjwa, Solange akanigeukia koridoni akasema, "Wewe si mtu wa mashine? Bon. Nitengenezee kitu kinachoshika bila kufungwa."

Nadhani alikuwa anatania. Mimi sikutania.

Nanga zangu za kwanza zilikuwa na jino ndani. Uzi unavutwa, jino linauma, uzi haurudi. Kwenye skrini zilipendeza sana. Kwenye mashine ya kuvuta ilikuwa aibu tupu: nikilinoa jino, uzi unakatika, nikilifanya butu, uzi unateleza. Nilizunguka kati ya kukatika na kuteleza mpaka Faraji akaanza kuzikusanya nanga zilizoharibika kwenye kopo la maziwa ya unga. Faraji ni fundi wa mashine, mshirika wangu, anatoka Goma kila asubuhi kwa miguu na kurudi jioni. Yeye ndiye anayekereza kile ninachokichora. Tukiwa kazini haongei, anaimba nyimbo za kanisani puani, na nimejifunza kwamba wimbo ukikatika katikati, kuna kitu kimevunjika.

Kilichotuokoa ni kuacha kabisa habari ya jino. Uzi wa upasuaji umesukwa, na ukisukwa kwa namna fulani unakuwa na utupu katikati, kama mrija. Chukua soksi ndefu, ingiza mkono ndani, kisha mtu avute ncha zote mbili za soksi: inanyooka, inakonda, inakubana mkono. Kadiri anavyovuta ndivyo inavyozidi kubana. Basi uzi wetu unaingia ndani ya nanga, unazunguka, na mkia wake unapita ndani ya tumbo lake wenyewe. Mkono wa mgonjwa ukivuta, uzi unajibana. Hakuna jino, hakuna fundo, hakuna kitu cha kukata.

Sitajidanganya hapa. Si mimi niliyegundua kwamba uzi unaweza kujibana. Wapo waliotangulia, mbali na hapa, wenye maabara kubwa. Chetu ni mpangilio. Tunataka nanga ambayo daktari asiye na kamera ya kuingiza begani anaweza kuitumia kwa mikono yake miwili, kwa mpini mmoja unaochemshwa na kutumika tena. Na tunataka jambo lingine moja, ambalo ndilo lililonigombanisha na Solange.

Uzi wa kurudishia.

Nilitaka daktari akikosea aweze kulegeza. Kwa hiyo nikaweka uzi mwembamba wa bluu unaopita pembeni. Ukiuvuta, ule mrija unasukumwa na kutanuka, uzi mkubwa unaachia, unaanza upya. Ukisharidhika unaukata wa bluu, unautoa wote, na kuanzia hapo hakuna kitu duniani kinachoweza kulegeza nanga ile isipokuwa kuichimba.

Solange hakuupenda. "Unaweka mlango ndani ya ukuta," aliniambia. "Mimi nataka ukuta." Aliogopa kwamba mtu atasahau kuutoa, au hautatoka wote. Nami nilimjibu kwamba yeye ana mikono ya dhahabu, lakini si kila bega litakutana na mikono yake. Tulibishana wiki kadhaa, kwa simu, kwa ujumbe, mara moja kanisani baada ya ibada mpaka padri akatutazama. Mwishowe akasema, sawa, tutaijaribu mbele ya wenzangu. Ikishindwa, tunafunga mradi.

Na alimaanisha. Mwisho wa mwaka huu Solange anahamia Kigali kufundisha. Hatakuwa na muda wa kuja kuvuta mifupa ya ng'ombe kwenye karakana yangu. Bila yeye, hakuna daktari; bila daktari, hakuna kiwanda cha vifaa vya hospitali kitakachotupokea; na mimi nitabaki mwanamke mwenye kopo lililojaa vijiti vya plastiki.

Basi leo ndiyo ilikuwa siku.

Walikuja madaktari watatu wa mifupa wakiwa na Solange. Wawili ni watu wazima, wapole, walioangalia kila kitu mikono ikiwa mfukoni. Wa tatu anaitwa Amani, kijana wa Goma, amemaliza masomo ya upasuaji juzi juzi, mabega kama ya mbeba mizigo na vidole vinene kiasi kwamba niliitazama nanga, kisha nikavitazama tena. Nilikuwa nimemwandaa Solange katika mawazo yangu. Kila nilipouota mtihani huu, mikono ilikuwa ya Solange.

Mezani tulikuwa na mabega ya ng'ombe kutoka buchani, kano zikiwa bado zimening'inia. Tulizibandua kwa kisu kama zilivyobanduka za shangazi. Solange akavua koti lake, akalitundika, akakaa kwenye kiti.

"Amani atafanya," alisema.

Nilimtazama. Hakunitazama.

"Na wewe," akaniambia, "husemi neno. Siku atakapoifanya kwenye bega la mtu, hutakuwepo nyuma yake."

Sijui kama kuna adhabu kubwa kuliko kutazama mtu mwingine akishika kitu chako kwa mara ya kwanza huku umezibwa mdomo. Nilikuwa nimewaeleza wote namna ya kuitumia kabla, vizuri, nikawaonyesha mara mbili kwenye kipande cha ubao. Lakini nyama si ubao. Inateleza, inatetemeka.

Amani alianza vizuri. Alitoboa tundu, akagonga nanga ndani, Faraji akiwa kimya kabisa bila wimbo. Akapitisha uzi kwenye kano. Akavuta.

Akavuta mno.

Kano ilikuja kwa kasi, ikajikunja juu ya mfupa kama pazia lililobanwa na mlango. Ukingo wake ulipita mbali kabisa na mahali pake. Kwenye bega la mtu, hiyo ni kazi iliyoharibika: mkono utakuwa mgumu, na kano iliyovutwa hivyo itakuja kuchanika. Kwa nanga za kawaida zilizokwisha kukazwa, unakata uzi na kuanza tundu jingine, kama mfupa bado una nafasi.

"Nimeharibu," alisema Amani kwa sauti ndogo isiyofanana na mwili wake.

Mdomo wangu ulifunguka. Solange akainua kidole kimoja tu, bila kugeuza kichwa.

Sekunde zile zilinizeesha. Nilimwona Amani akiitazama kazi yake, jasho likimtoka puani. Mmoja wa madaktari wazee akakohoa. Niliuma ulimi kwelikweli, kuna kidonda hadi sasa. Kisha Amani akasema, kama anayeongea na nafsi yake, "Iko ile ya bluu." Akaushika uzi wa bluu kwa kibano, akauvuta taratibu.

Kano ikalegea. Ikajifungua, ikalala.

Aliinyoosha kwa kidole kama mtu anayenyoosha shuka, akaisogeza mpaka ukingo ukafika pale unapotakiwa, akavuta tena, safari hii kwa adabu. Ikakaa bapa. Akaukata wa bluu, akautoa, na Solange akainuka. Aliuchukua ule uzi wa bluu, akaunyoosha mezani, akaupima wote kwa macho kuhakikisha hakuna kipande kilichobaki ndani. Alitikisa kichwa mara moja kukubali. Kwa Solange, huko ni kupiga vigelegele.

Lakini bado hatukuwa tumevuta.

Faraji alilifunga bega kwenye mashine. Mashine yetu ni ya kienyeji, ameiunda yeye mwenyewe, na kwenye uso wa kipimo nilichora mstari mwekundu: nguvu ambayo nanga yoyote ya maana lazima ivumilie. Nanga za jino hazikuwahi kuufikia. Ya uzi wa kujibana ilikuwa imeufikia mara chache, mikononi mwangu, kwenye ubao, nikiwa nimeipamba kama bibi harusi.

Mshale ukapanda. Ukaugusa mstari mwekundu. Ukaupita.

Nilishika ukingo wa meza. Mshale ukaendelea kupanda, mpaka nikaona Faraji anarudi nyuma hatua moja, na hapo ukasikika mlio wa kuchanika, mpana, mbaya, na kitu kikaruka kwenye mashine kikadondoka chini.

Nikafumba macho. Nilijiambia, basi, imekwisha, angalau tumejaribu.

"Nanga iko!" Faraji alipiga kelele. "Angalieni, iko palepale! Nyama njo imepasuka!"

Nikafumbua. Ni kweli. Kano yenyewe ndiyo iliyochanika, juu kabisa, mbali na kazi yetu, na kipande chake ndicho kilichoruka. Kipande kilichoshonwa kilikuwa bado kimelala bapa juu ya mfupa, kimeshikwa, kana kwamba hakuna lililotokea. Ng'ombe ameshindwa kabla ya nanga.

Nilipiga ukelele ambao jirani alikuja kuulizia.

Amani alinikumbatia na glavu zake zote za mafuta. Madaktari wazee wakatoa mikono mfukoni. Mmoja akaomba afanye mwenyewe, kisha mwingine, kisha Amani tena, kama watu waliopewa mchezo mpya. Tulivuta mabega yote. Mengine tuliyafunga kwenye mkono wa kutingisha ambao Faraji aliuunda kwa mota ya waipa ya gari: unavuta kidogo na kuachia, kidogo na kuachia, kama mtu anayeinua na kutua siku nzima. Tuliuacha ufanye kazi wakati wa chakula. Wao walikula mishikaki na viazi vya Bugeshi vilivyookwa na maganda yake, wakisifu. Mimi nilikuwa nasikiliza mota kupitia ukutani.

Lazima niandike na hili, kwa sababu shajara ya mtu anayejisifu tu haina kazi: nanga moja ilisogea. Baada ya kutingishwa kwa muda, alama tuliyoitia kwenye uzi wake ilikuwa imehama. Kidogo, upana wa uzi wenyewe, lakini imehama. Sijui kwa nini. Labda tundu lilitobolewa kwa kuinama, labda mkia haukuingia wa kutosha, labda ni jambo ambalo bado sijalifikiria. Zilizobaki zote hazikusogea hata unywele.

Wageni walipoondoka, Solange alibaki nyuma kidogo akivaa koti. "Ule mlango wako," alisema. "Uache ubaki." Akatoka.

Nilitaka kumkimbilia nimbusu.

Badala yake nilikimbilia Mbugangari. Nilimkuta Shangazi Feza amekaa uani kwake, ndoo ya maji kando, akiosha sufuria kwa mkono wa kulia huku wa kushoto ukiwa umelazwa kwenye paja kama kitu cha kuazima. Hilo nalo sijalieleza. Tangu bega la kulia liharibike, alihamishia kazi zote kushoto, na sasa la kushoto nalo limebanduka. Amefanya mazoezi, amemeza dawa, haikusaidia. Upasuaji wake umepangwa Jumatatu.

Nilimpa nanga moja aishike. Aliigeuza kwenye mwanga, akaukokota uzi kati ya vidole kutoka mwanzo hadi mwisho, kisha akarudia.

"Sasa fundo iko wapi?"

"Hakuna, shangazi."

"Haiko? Hata kadogo?"

"Hata kadogo."

Alicheka kile kicheko chake cha sokoni, akanirudishia. "Bon. Basi Jumatatu mutaniweka hii. Minakubali."

Na hapa naungama. Sikusema hapana papo hapo. Nilisimama pale uani nikiwa nimeshika kitu nilichokibuni kwa ajili ya bega lake, na kwa dakika kadhaa nilikuwa tayari. Nilijiambia ameridhia mwenyewe. Nilijiambia ameshateseka kwa fundo. Nilitoa simu nikampigia Solange, shangazi akisikiliza, nikamwambia maneno ambayo mhandisi mwenye akili timamu hayasemi. Nikamwambia, "Je, kama tukiweka moja tu?"

"Leo moja ilisogea," alisema Solange. "Unajua kwa nini?"

"Bado."

"Haijaruhusiwa. Haijajaribiwa kwenye kiumbe hai. Hujui kwa nini imesogea. Na unataka niiweke kwa shangazi yako kwa sababu unampenda?"

Nilikuwa nimekasirika, na hasira yenyewe haikuwa na pa kwenda, maana kila neno lilikuwa la kweli. Ningekuwa mimi ndiye daktari na mtu mwingine ndiye ameniomba vile, ningemkatia simu.

Ilibidi nimwambie shangazi. Hakulipokea kwa upole, na nisimtungie upole ambao hakuwa nao.

"Ni mutu gani anazuia? Bega ni yangu!" Alitupa kitambaa cha kusugulia ndani ya ndoo. "Ng'ombe wanapata kitu muzuri, mi mutu wa nyumbani munanipa ile ya zamani! Yebabawe!"

"Ng'ombe wale wamekufa, shangazi."

Alinitazama. Nadhani alikuwa anaamua kama anitukane. Kisha tabasamu likamponyoka upande mmoja wa mdomo. "Eeh," alisema. "Basi ngojeni kwanza. Mi bado siko nataka kuwafuata." Akaokota kitambaa, akaendelea na sufuria. Kisha akaongeza, bila kuinua macho, kwamba nimwambie docta fundo zikae upande wa nyuma, si pale anapolalia.

Nikamtumia Solange ujumbe huo. Alijibu kwamba alishalifikiria; kwamba safari hii atatumia uzi bapa, na mafundo atayalaza pembeni chini ya msuli mnene. Kisha simu ikaita. Ni yeye.

"Nimekuwa nikijiuliza kitu," alisema. "Wewe umewahi kuiona kano ya mtu aliye hai?"

Nilitaka kusema ndiyo. Nimeziona kwenye picha. Nimeziona kwenye video mpaka nazijua kama barabara ya kwenda nyumbani. Nimezichora kwenye skrini kwa rangi nyeupe, nimezibandua za ng'ombe kwa kisu, nimezinusa.

"Hapana," nilisema.

"Nimeuliza hospitali, wamekubali. Jumatatu utaingia, utasimama nitakapokuonyesha, hugusi kitu. Utanitazama nikifunga. Lakini kibali cha kwanza si changu, ni cha mgonjwa."

Nilimgeukia shangazi, simu ikiwa sikioni, nikamuuliza kama angependa nisubiri nje. Aliniangalia kama nimeuliza swali la kipumbavu.

"Aingie!" alisema kwa sauti ya kumfikia Solange moja kwa moja. "Lakini asilie mu bega yangu. Machozi iko na chumvi."

Solange alicheka. Sikujua kwamba anaweza.

Kwa hiyo hivi ndivyo nilivyo jioni hii: nainuka, nakaa, naenda dirishani. Kesho asubuhi mimi na Faraji tutaikata ile nanga iliyosogea, katikati kabisa, tulione tumbo lake. Nina mawazo mawili juu yake na nayapenda yote. Amani ameshatuma ujumbe akiuliza kama anaweza kurudi na wenzake. Ameuliza pia itakuwaje kwa mifupa ya wazee, ile iliyolainika kama mkate uliolowa, na swali hilo ni zuri kiasi kwamba limenifanya nitembee chumba kizima nikiongea peke yangu. Kuna kazi ya miaka mbele yetu. Sijawahi kufurahia kazi nyingi namna hii.

Na Jumatatu.

Naogopa damu. Sijamwambia mtu, naandika hapa kwanza. Kano za ng'ombe ni tofauti, zinakuja zimeshatulia. Hii ya shangazi itakuwa na joto, itakuwa inasogea na pumzi zake, na juu yake kitambaa cha kijani kitakachonifichia uso ninaoujua tangu tuliporudi. Solange atafunga fundo la kwanza, kisha la pili juu yake. Nitaona kwa macho yangu jambo ambalo nimetumia miaka kulikataa, likifanywa kwa ustadi, kwa faida ya mtu wangu.

Nitatazama wapi? Kwenye kano, au kwenye kile kitambaa, nikimtafuta shangazi chini yake?

Nimekaa na swali hilo tangu nirudi, na nadhani jibu ninalo. Nitaitazama kano. Ndicho kitu shangazi alichonikubalia niingie nikione.